Maulidi ya Ushindi

Ibra, 9 Juni 1979

Kaka Zuhair, shikamoo.

Telegramu yako imefika Alkhamisi. Hamed kaileta kutoka ofisi ya liwali, na mume wangu unamjua kwa kiherehere, keshaifungua njiani. Bimkubwa alikuwa jikoni anapika vitumbua. Nilipomsomea kwamba mwanawe kachaguliwa mbunge wa Kanada, aliviacha vikaungua, na mama yetu hajawahi kuunguza kitu tangu tuko Unguja.

Jioni mtaa mzima ulikuwa unajua. Tatizo ni moja. Hamed aliropoka kwamba huko mtu hupita nyumba kwa nyumba akiomba kura. Bimkubwa akaniuliza, "Zuhair wangu kabisha hodi kwa watu, akaomba? Hapa mtu huitwa." Nikamwambia huko hata wakubwa huomba. Hakupendezwa. Sasa anawahadithia majirani kwamba ulikataa, wakaja kukubembeleza. Ukimwandikia, usimharibie.

Nyumba mpya ya matofali tumeshahamia. Chumba cha upande wa mitende ni chako. Kina kitanda, chandarua na sanduku la shuka, na haruhusiwi mtu kulala humo, hata shemeji zangu wakija kutoka Sur. Tangu tulipokusindikiza uwanja wa ndege wa Kisauni, umevaa lile koti la kuazima linalokupwaya, Bimkubwa hajakutia machoni. Ulikwenda kusoma, mapinduzi yakakukuta Uingereza, nasi yakatutoa Unguja. Sasa umekuwa mkubwa, na wakubwa hupewa likizo. Njoo.

Mdogo wako,
Azza

*

Ottawa, 4 Novemba 1979

Azza, marahaba.

Samahani kwa kuchelewa. Hapa sina mtu wa kusema naye Kiswahili, na nikikaa kukiandika naona haya, kama mtu aliyeingia nyumbani kwao kwa mlango wa nyuma.

Mwambie Bimkubwa nakaa safu ya mwisho kabisa, karibu na pazia. Usimwambie hilo. Mwambie nakaa mahali ambapo naona watu wote, na hiyo ni kweli. Nimesema mara mbili tu tangu tuanze, mara moja kuhusu kiwanda cha karatasi cha jimboni kwangu na mara moja kuhusu daraja. Kazi yenyewe hasa ni barua. Mtu akikosa pensheni, barabara ikizibwa na theluji, huniandikia mimi. Juzi kizee mmoja wa kizungu kaniandikia kwamba mwanawe hamtembelei. Nikamwandikia yule kijana kwa karatasi yenye nembo ya bunge, naye akaenda. Mama yule kaniletea soksi kazifuma mwenyewe.

Nimekata tiketi. Bunge likifunga kwa likizo nitaondoka, na tarehe ishirini Desemba nitakuwa Maskati. Mwambie Hamed anitengenezee ruhusa ya kuingia nchini.

Kaka yako,
Zuhair

*

Ottawa, 16 Desemba 1979

Azza,

Serikali imeangushwa kwa kura. Bunge limevunjwa na uchaguzi ni Februari. Nikiondoka sasa nimekipoteza kiti kabla sijakikalia mwaka. Tiketi nimeirudisha. Sijui nimwambie nini Bimkubwa, kwa hivyo nakuachia wewe, kama nilivyokuwa nikikuachia tulipokuwa wadogo. Nitakuja wakati wa kiangazi, inshallah.

Zuhair

*

Ibra, 8 Januari 1980

Kaka Zuhair,

Kasema niandike maneno yake kama yalivyo, nisiyapambe. Haya basi.

"Mwanangu, nimesikia serikali yenu imeanguka. Nani kaiangusha, na wewe ulikuwa wapi usiishike? Haidhuru. Kazi ya watu amana, baba. Waliokuchagua wamekuweka mahala pao, usiwaache wakasema mtoto wa Kaltham khaini. Mie sina neno. Afya yangu alhamdulillah, nakula, nasali, nagombana na Azza. Chandarua nimekifua, nimekitundika tena. Na huo ubunge usikuoe, oa mwanamke. Wasalaam, mamako."

Hapa nimemwambia nimemaliza, kaondoka. Sasa nakuandikia yangu. Tarehe ishirini alikaa juu ya kitanda chako tangu adhuhuri mpaka magharibi. Alikuwa kapika biriani, na hakuna aliyethubutu kulipakua. Kanikataza nisikwambie. Nimekwambia.

Azza

*

Ottawa, 28 Machi 1982

Azza, marahaba.

Najua tangu nirudishiwe kiti Februari ile nimeahidi viangazi viwili, na kila kimoja kimekatika. Safari hii ilikuwa ya kweli. Sanduku lilikuwa mlangoni. Hapa kura ikitaka kupigwa hugongwa kengele ya kuwaita wabunge. Mwezi huu kengele imegongwa, wapinzani wakakataa kuingia ukumbini, na pasipo wao haizimwi. Ililia wiki mbili, mchana na usiku. Tulikula nayo na kulala nayo. Chama kilitukataza kutoka mjini, maana ikinyamaza ghafla kila kura ina hesabu yake. Iliponyamaza, ruhusa aliyonitengenezea Hamed ilikuwa imekwisha muda.

Yale uliyoniandikia ya kitanda na biriani hayanitoki. Husimama kuzungumza daraja na karatasi, nayo yakanijia. Nakushukuru kwa kuniambia, na nusura nikulaumu pia.

Zuhair

*

Ibra, 25 Julai 1982

Kaka Zuhair, shikamoo.

Bimkubwa kauliza: kengele gani hiyo inalia wiki mbili, na wanaume wote hao wasipatikane wawili wa kuitungua?

Tumo katika kupika tende za mabsali. Ibra nzima inanuka moshi na utamu. Masufuria yale ya shaba yanatosha kumwogeshea mtoto, tende zinachemshwa zikiwa manjano, kisha zinaanikwa juani mpaka zikunjamane. Bimkubwa kajifunza kazi hii uzeeni, na sasa anawasahihisha waliozaliwa nayo. Nakuletea kopo moja. Wape na wenzako wa bunge, kasema, ili wajue umetoka kwa watu.

Majirani nao wana haja zao kwako. Mzee Marzouq anataka uulize kwa nini bomba la maji halijafika upande wake. Nimemwambia wewe ni mbunge wa Kanada. Kasema ndiyo, lakini mkubwa kwa mkubwa husikilizana.

Sasa jambo lenyewe. Barua yako ya kengele Hamed aliisoma kwa sauti, na siri yangu ya biriani ikajulikana. Bimkubwa kanigombeza vibaya. Kasema namkatisha mwanawe kazi, namfanya asimame mbele za watu huku moyo uko kwingine. Kaniletea msahafu, kaniapisha: lisikufike kutoka kwangu neno lolote la kukutoa kazini. Basi tangu leo utapata mazuri tu. Na simu ndiyo hatuna, na ile ya ofisini kwa Hamed, Bimkubwa haisikii. Husema maneno yake kisha akamrudishia Hamed.

Azza

*

Ibra, 15 Agosti 1984

Kaka Zuhair, shikamoo.

Tumepata habari ya uchaguzi mpya. Hamed kapiga hesabu, kaona siku ya kura inagongana na Arafa. Bimkubwa kasema hilo si bure, atafunga kwa ajili yako. Na kaweka nadhiri: ukishinda, Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, yatasomwa maulidi nyumbani kwetu, ya kinamama, kwa udi na marashi, kama tulivyokuwa tukisoma Malindi kule Unguja. Wenyeji wa hapa hawakuyazoea yale yetu ya kuyumba na kuimba, lakini wote wameahidi kuja.

Alikuwa kajilaza siku hizi, miguu inamvimba kidogo, ndio uzee. Tangu kuweka nadhiri kainuka. Jana nimemkuta uani anachambua mchele wa maulidi ambayo hatujui kama yatakuwepo. Nikamwambia, "Bimkubwa, ngoja kwanza watu wapige kura." Kanijibu, "Wewe huna imani."

Kwa hivyo shinda, kaka. Sijakuomba kitu maisha yangu isipokuwa baiskeli, na hukunipa.

Azza

*

Port Ellis, 22 Septemba 1984

Azza,

Mwambie Bimkubwa nadhiri imemlazimu. Tumeshinda.

Asome maulidi yake. Nitaleta pesa za mbuzi. Kwa kuwa nimeshinda, kazi zitakuwa nyingi kuliko mwanzo, na siwezi kusema lini nitapata nafasi ya kuja. Barua zako usizipeleke tena Ottawa, tumia sanduku la posta lililo juu ya bahasha hii, maana ofisi inahamishwa huku jimboni. Atunze miguu yake.

Zuhair

*

Ibra, 12 Desemba 1984

Kaka Zuhair, shikamoo.

Ungekuwepo. Uani hapakuwa na pa kuweka mguu. Waliotoka Unguja walikuja kutoka Maskati na Nizwa, mwanamke mmoja kaja kutoka Fanja na masinia yake mwenyewe. Wenyeji walikaa upande mmoja, kimya, wakitutazama tunavyoyumba. Tulipofika pa kusimama, wakasimama nao, na jirani yangu Shukriya, ambaye hajawahi kuiona Zanzibar hata kwa picha, kalia kuliko sote.

Bimkubwa alivaa kanga mpya na kukaa kwenye kiti. Kila aliyeingia alimpa mkono, akamwambia, "Hongera, mama mbunge." Naye akajibu kila mmoja, "Si mimi, ni watu wa huko walivyomng'ang'ania." Alinyunyiza marashi kwa mkono wake mpaka chupa ikaisha. Halua tuliitoa kwa sahani kubwa, na hakuna iliyorudi na kitu.

Amechoka baada ya shughuli, kama mtu yeyote angechoka. Anakusalimu.

Azza

*

Port Ellis, 14 Januari 1985

Azza, marahaba.

Barua ya maulidi nimeisoma mara nyingi. Kazi ni nyingi, theluji ni nyingi. Sina la ajabu la kukueleza.

Nataka uniambie jambo moja. Bimkubwa ana haja na kitu? Na ikiwa ana haja nami, usizunguke. Niandikie neno moja tu, njoo, nami nitaona la kufanya na bunge.

Zuhair

*

Ibra, 2 Machi 1985

Ndugu Abdullatif,

Wewe mtoto wa mjomba, na katika Kanada yote hatuna mwingine. Nakutwisha mzigo, nisamehe.

Bimkubwa kafariki wiki iliyopita, Alkhamisi alfajiri. Tumemzika Ibra siku ileile. Zilikuwa figo, na zilimwanza mwaka jana kabla ya uchaguzi wa Zuhair. Alinikataza nisimwandikie. Nilikuwa nimekula kiapo, nami nikakaa nacho, mwezi baada ya mwezi, nikimwandikia kaka yangu habari za halua. Barua yake ya mwisho ilinifika Bimkubwa akiwa kitandani. Humo Zuhair aliniomba nimwandikie neno moja, njoo, na sikuliandika.

Zuhair hajui. Unajua kwetu mtu hapewi tanzia kwa barua wala kwa simu, akaipokea peke yake baina ya kuta nne. Huendewa, akakalishwa, akashikwa mkono, na mwenye kumwambia akalala hapo. Yeye hana mke wala ndugu huko. Nenda Ottawa, bungeni, umuulizie. Usimwambie kitu mpaka mmekaa. Kaa naye siku tatu, na kama huna Qur'ani kubwa, chukua hata juzuu moja msome pamoja.

Dada yako,
Azza

*

Toronto, 24 Machi 1985

Dada Azza,

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Bi Kaltham alinilea nusu ya utoto wangu.

Nimefanya ulivyoniagiza. Mimi nina miaka mitano huku, na siasa zao sizijui, najua bei ya nyama ya halali tu. Nilipanda basi, nikafika Ottawa, nikaingia bungeni kama mtu anayejua anakokwenda. Karani akatafuta jina, halafu akanipeleka kwenye mlango mmoja. Mlangoni pameandikwa jina la mtu mwingine.

Nikasema mmekosea, huyu ni mbunge. Karani akasema alikuwa. Kashindwa uchaguzi wa Septemba. Dada, nilidhani sikusikia vizuri, nikamwomba aseme tena. Mlinzi mzee aliyekuwa karibu akaniuliza, "Yule wa tende?" Kumbe ndugu yetu alikuwa akiwagawia tende walinzi kila mwaka, na mzee yule hakumsahau. Ndiye aliyenipa jina la mji.

Nikapanda basi jingine, nikalala njiani. Nilimkuta nje, anakwangua theluji kwenye ngazi za jirani. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuzungukia, mpaka tukae. Hakunipa nafasi. Aliponiona tu aliangusha sepetu, akasema, "Bimkubwa." Mtu wetu hatoki mji mpaka mji katika baridi ile bila ya sababu, naye analijua hilo. Nilimshika, tukaingia ndani.

Nimekaa siku tatu. Tumesoma. Nilimwambia alikufa kwa utulivu. Nyumba ni ndogo na safi, na katika siku zile hakuna aliyebisha mlango wala simu iliyolia. Sikumuuliza kwa nini alikudanganyeni. Hilo lenu wenyewe.

Abdullatif

*

Port Ellis, 2 Aprili 1985

Azza,

Sina uso wa kukuandikia, lakini nani mwingine nimwandikie.

Nilishindwa vibaya. Siku ya pili yake niliandika barua ya kukuelezeni, nikapanga kuipeleka pamoja na habari kwamba sasa nina nafasi, nakuja. Hiyo ndiyo ilikuwa faraja yangu, nitakuja. Kabla sijaitia posta ikafika yako ya nadhiri. Nikasoma kwamba alikuwa kalala na sasa kainuka, kakaa uani anachambua mchele. Nikaona nikisema nimeshindwa atarudi kitandani. Nikaichana ile, nikaandika tumeshinda. Nikajiambia maulidi yakipita nitasema. Maulidi yakapita, na wewe ukanieleza jinsi watu walivyompa mkono. Ningemwambia nini tena? Kwamba kapewa hongera za mtu mwingine?

Mtu akipoteza kiti huku, simu yake hufa siku hiyohiyo. Waliokuwa wakiniandikia kila wiki hawakuniandikia tena, na hawana kosa, wana mbunge wao. Majira yote ya baridi nilikaa dirishani. Nimejaribu kukumbuka nilikuwa nafanya nini Alkhamisi ile. Nadhani nilichemsha chai nikaisahau. Pesa ya tiketi ilikuwepo. Nilikuwa nasubiri mniite, na mimi ndiye niliyekuambieni kwamba siitiki.

Unakumbuka kizee aliyenipa soksi? Nilimwandikia mwanawe barua kali sana, Azza. Nilimwambia mama hangoji.

Abdullatif kanambia alikufa kwa utulivu. Ndivyo watu wetu huambizana, namshukuru. Sasa niambie wewe. Alisema nini? Usinipe mazuri tu. Kiapo kimekwisha, aliyekuapisha hayupo.

Zuhair

*

Ibra, 28 Aprili 1985

Kaka Zuhair, shikamoo.

Barua mbili nimeziandika nikazichana, zilikuwa za matusi. Nilikuwa na hasira na wewe ambazo sijawahi kuwa nazo kwa mtu. Hii ni ya tatu, na bado ninazo kidogo, lakini naweza kuandika.

Nilichoapa mimi ni kutokukutoa kazini. Ungeniandikia neno moja, nimeshindwa, kiapo kingeanguka chenyewe, maana kazi hukuwa nayo. Ningekuita siku hiyohiyo, ungemkuta anatembea. Na mimi ningekuandikia neno moja, anaumwa, ungekuja. Kila mmoja alikalia neno lake akidhani anamhurumia mwenzake. Nakulaumu, na najilaumu, na mara nyingine namlaumu yeye mwenyewe, Mungu anisamehe, kwa kukupenda kwa kujigamba namna ile.

Hakupata kujua. Hilo ulitakalo kuuliza na hukuuliza, nakujibu. Alikufa mama wa mbunge.

Mwisho alitaka alazwe chumbani kwako, kwa sababu upepo wa mitende unaingia, kasema, lakini upepo unaingia vyumba vyote. Barua yako ilipofika, ile ya neno moja, nilimsomea. Alitabasamu. Nikamwambia, "Bimkubwa, mwenyewe anauliza. Nakivunja kiapo, nitafunga siku tatu za kafara, Hamed anakwenda kumpigia simu sasa hivi." Hamed alikuwa keshavaa kofia. Kanishika mkono, na mkono wake ulikuwa hauna nguvu ya kushika kikombe, lakini alinishika.

"Mwache," kasema. "Huko wana haja naye watu wengi. Huku mwenye haja naye ni mie peke yangu, nami nitamngoja."

Hayo ndiyo aliyosema, sikuongeza wala sikupunguza. Hamed alivua kofia akakaa. Siku zilizobaki hakukutaja tena, alikuwa akiomba maji tu.

Ruhusa yako ya kuingia Hamed kaipata, imo ndani ya bahasha hii. Ni ya miezi mitatu. Majirani sijawaambia kitu. Mzee Marzouq bado anangoja umuulizie bomba lake. Watakapokuuliza bunge limekupa likizo ya muda gani, wajibu utakavyo, mimi nimechoka kusema uwongo.

Kitanda kile nimekitandika shuka mpya. Chandarua sikukifua, nimekiacha kama alivyokitundika.

Mdogo wako,
Azza